Kupasha injini na kubana dizeli kwenye malori: maswali ya madereva na wenye magari wa Mwanza

Maswali haya hayakauki kwenye gereji na yadi za Nyakato, Igoma na Buhongwa. Mengine huulizwa na dereva, mengine na bosi wake aliyeshika risiti za mafuta mkononi. Majibu ni ya semi na malori makubwa ya dizeli. Mwenye Fuso anaweza kuyatumia pia, ila hesabu zake zitakuwa ndogo.

Nikiwasha lori asubuhi, nisubiri dakika ngapi ndiyo niondoke?

Kwa hali ya hewa ya Mwanza, injini yenyewe haihitaji kusubiriwa sana. Alfajiri ya huku ni nadra joto kushuka chini ya nyuzi 15, na oili ya kawaida ya malori, ile ya 15W-40, hutiririka bila shida katika joto hilo. Ukiwasha, taa ya oili huzimika ndani ya sekunde chache. Ikishazimika, iache injini kwa dakika moja hivi bila kupiga resi ili oili ifike kwenye turbo (feni inayosukuma hewa ndani ya injini) na juu kwenye valvu. Baada ya hapo iko tayari kutembea, mradi usiikamue.

Kinachokuweka yadini kihalali ni upepo wa breki. Lori lililolala usiku kucha upepo kwenye mitungi yake hupungua, na kama lina tela, kuna mitungi mingine ya kujaza huko nyuma. Upepo ukiwa chini ya bar 5 hivi, kengele inalia na taa nyekundu inawaka. Usiguse hendibreki wakati huo. Subiri geji ipande hadi kompresa ikate yenyewe, na ule mlio wa "pshii" utausikia. Kwa magari mengi ni kati ya bar 8 na 10, mapya huenda juu zaidi. Taa ya oili ikishazimika unaweza kuishikilia injini kwenye mizunguko 1,000 kwa dakika ili mitungi ijae upesi.

Mfumo mzima ukiwa salama, kazi hiyo ni ya dakika chache tu. Ikichukua robo saa, kuna mahali panavuja. Dereva anayesema kila siku "napasha injini" kwa dakika ishirini, mara nyingi anasubiri upepo unaotoka upande mmoja ukiingia upande mwingine. Zima injini mitungi ikiwa imejaa, mwambie utingo azunguke polepole akitega sikio kwenye mipira ya tela, kwenye viungio na kwenye chemba za breki. Palipo na mashaka pakeni povu la sabuni. Kiungio kinachovuja hutoa mapovu yanayokua na kupasuka, utayaona hata kwa mwanga wa tochi. Kukirekebisha ni hela ndogo kuliko dizeli inayoungua kila asubuhi, na pia ni breki zako hizo.

Lakini nikiiacha sailensa (inanguruma tu, gari limesimama) nusu saa, si inapata joto taratibu bila kuumia?

Hapana. Injini ya dizeli ikiwa sailensa inaunguza mafuta machache sana kulinganisha na ukubwa wake, kwa hiyo joto linalopatikana ni dogo. Ukikaa nusu saa ukaangalia geji, utaona mshale umepanda kidogo kisha ukagoma. Wakati huo wote silinda bado ni za baridi, dizeli haiungui yote, na ile isiyoungua huosha utando wa oili kwenye kuta za silinda na kushuka hadi kwenye sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini. Oili inakuwa nyepesi kabla ya wakati wake. Ncha za nozo, vinyunyizio vya dizeli, nazo zinajenga masizi. Kwa hiyo anayeiacha injini sailensa kwa kuihurumia ndiye anayeichosha.

Tena injini ni kiungo kimoja tu. Gia boksi, difu, beringi za magurudumu na matairi haviwezi kupata joto gari likiwa limesimama, hata ungekaa hadi adhuhuri. Vyote hivyo vina grisi au oili nzito inayohitaji kuzungushwa.

Sasa hesabu. Injini kubwa ya lori ikiwa sailensa hula kati ya lita 2 na 4 kwa saa, kutegemea ukubwa wake na vitu inavyoendesha. Chukua 3. Nusu saa kila asubuhi ni lita moja na nusu. Kwa siku 26 za kazi ni lita 39. Semi lililobeba mzigo kamili linaenda kilomita 2 na pointi kwa lita, kwa hiyo umechoma mafuta ya kukufikisha karibu nusu ya njia ya Shinyanga ukiwa bado hujatoka getini.

Basi nikitoka injini ikiwa bado haijapata joto, niendesheje?

Kwa upole kwa kilomita tano hadi kumi za mwanzo. Mizunguko isizidi 1,500, mguu usifike chini, badilisha gia mapema. Anayetoka Igoma kupitia Kisesa kwenda Usagara ana bahati, maana ile barabara ya mchepuo inampa nafasi ya kupasha gari zima akitembea, na akifika Usagara mshale umeshatulia mahali pake. Anayetokea katikati ya mji akabana kwenye foleni ya Mkolani na Buhongwa atachelewa kidogo kupata joto. Hiyo haina neno, ila asifidie kwa kuikanyaga mara tu barabara inapofunguka.

Kama yadi yako iko mahali ambapo ukitoka tu unaanza kupanda mlima na mzigo (na Mwanza milima na mawe haviko mbali na mtu yeyote), ongeza dakika mbili tatu za kusubiri na upande kwa gia nzito. Hapo ni sahihi.

Mbona madereva wa Ulaya na Marekani wanapasha injini muda mrefu?

Wanapasha kwa sababu ya baridi ambayo sisi hatuna. Joto likishuka chini ya sifuri, oili huwa nzito kama asali, betri hupoteza nguvu, na dizeli ya kawaida huanza kutengeneza nta inayoziba filta. Wenzetu huko wana hita za umeme za kupasha maji ya injini usiku, na dizeli ya majira ya baridi iliyotengenezwa tofauti. Vijitabu vya magari vinaandikwa kwa ajili ya nchi zote hizo, kisha gari linauzwa hadi kwetu na ushauri wake. Hata huko watengenezaji wengi siku hizi wanasema ondoka mapema, endesha taratibu.

Ukilala Makambako au Njombe mwezi wa saba utaelewa kidogo wanachosema. Sailensa dakika tatu hadi tano huko ni halali.

Nikiwa kwenye foleni ya mizani au nimelala kwenye kabati (chumba cha dereva), niiache inanguruma?

Kama foleni haisogei kwa zaidi ya dakika tatu nne, zima. Kabla daraja la Kigongo–Busisi halijafunguliwa Juni 2025, malori ya Geita na Bukoba yalipanga foleni ya kivuko kwa saa nyingi, na tabia ya kuacha injini ikinguruma "kwa sababu tutasogea sasa hivi" ilikomaa pale. Daraja limefika, tabia imebaki, imehamia kwenye mizani.

Kulala na injini ikinguruma kwa ajili ya kiyoyozi au kuchaji simu ni gharama isiyo na maana. Saa nane za usingizi ni lita 24. Na kuna hatari kubwa kuliko hela: ekzosi ikiwa na tundu chini ya kabati, hewa yenye sumu ya kaboni monoksidi inapanda ndani, haina harufu, na aliyelala haamki. Fungua vioo, tundika chandarua, zima injini.

Wanaokataa kuzima husema betri zao hazina uhakika. Hilo ni tatizo la betri. Nunua betri.

Nimesikia kuwasha tena kunakula mafuta mengi kuliko kuacha inanguruma.

Si kweli kwa injini ya dizeli iliyo na moto. Kuwasha kunatumia mafuta ya sekunde chache tu za sailensa. Kinachochakaa ni stata na betri, ndiyo maana hakuna haja ya kuzima kila unaposimama dakika moja kwenye taa.

Kwa nini fundi ananikataza kuzima mara moja nikifika?

Kwa sababu ya turbo. Ukiwa unavuta mzigo mlimani, moshi unaoingia kwenye turbo unaweza kupita nyuzi 500, na shafti yake inazunguka zaidi ya mara laki moja kwa dakika ikiwa imelalia oili tu. Ukizima ghafla, pampu ya oili inasimama, lakini lile joto halijaondoka. Oili iliyobaki kwenye beringi ya turbo inakaangwa hadi kuwa masizi magumu, na njia yake inaziba kidogo kidogo. Mwisho unaona moshi wa bluu na turbo inapiga kelele.

Dawa ni dakika mbili hadi tatu za sailensa baada ya kazi nzito. Lakini tumia akili: ukiwa umeingia mjini polepole, ukapita kwenye foleni, ukazunguka yadini ukitafuta pa kuegesha, turbo ilishapoa njiani. Hapo zima tu. Hizo dakika ni za mtu aliyepanda mlima na mzigo kisha akaegesha pale juu kununua mahindi.

Fundi alitoa themostati kwa sababu gari lilikuwa linachemsha. Kuna shida?

Ipo, na ni miongoni mwa sababu kubwa za malori ya kwetu kula mafuta bila mtu kujua. Themostati ni valvu inayofunga njia ya maji kwenda kwenye rejeta hadi injini ipate joto lake, kwa malori mengi nyuzi 80 na kitu. Ukiitoa, maji yanazunguka kwenye rejeta tangu dakika ya kwanza. Kwenye tambarare ya Nzega injini inaweza kutembea siku nzima bila kufika joto la kazi. Injini ya baridi inaunguza vibaya, ringi na silinda zinalika haraka, mvuke unaoingia kwenye oili haukauki, na mafuta yanapotea kila kilomita.

Halafu kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Kwenye injini nyingi kubwa, themostati ikifunguka inafunga wakati huohuo njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Ukiitoa, ile njia ya mkato inabaki wazi milele, kwa hiyo sehemu ya maji ya moto haiendi kupozwa kabisa. Ndiyo maana gari lililotolewa themostati linaweza kuwa baridi tambarare na bado likachemsha mlimani. Fundi anashangaa, anaongeza tundu kwenye bomba, na bosi ananunua rejeta ya pili.

Kabla ya kuilaumu, ipime. Itundike kwa uzi ndani ya sufuria ya maji, isiguse chini, weka kipimajoto pembeni, washa jiko. Kwenye themostati yenyewe pameandikwa namba, tuseme 82. Maji yakikaribia hapo utaona sahani ya katikati inaanza kuachia pembeni, mstari mwembamba mweusi unaonekana, na maji yakizidi kupata joto inafunguka wazi. Ikibaki imefunga hadi maji yanachemka, imekufa, weka nyingine. Ikiwa nzima, tatizo la kuchemsha liko kwingine: rejeta iliyoziba matope na nyasi kati ya mapezi, mkanda wa feni uliolegea, pampu ya maji, au kofia ya rejeta iliyochoka. Kofia hiyo watu huidharau. Mwanza iko juu ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, na maji ya wazi huku huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, kabla ya 100. Kofia nzima ndiyo inayobana presha ili yachemke juu zaidi ya hapo.

Kuteremka kwa frii, gia ikiwa imetolewa, kunaokoa mafuta?

Hakuokoi, kunaongeza. Injini za sasa, na hata nyingi za zamani zenye pampu ya kawaida, ukiachia mafuta kabisa gari likiwa kwenye gia, pampu inakata dizeli. Magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Mafuta yanayotumika ni sifuri. Ukitoa gia, injini haina wa kuizungusha, inabidi ijilishe ili isizimike, kwa hiyo inakula kama iko sailensa. Unalipia mteremko ambao ungepewa bure.

Na kuna habari ya kufa. Aliyetoka Singida kuja Mwanza anaujua Mlima Sekenke, kati ya Misigiri na Shelui. Ukiuteremka kwa frii na mzigo, breki za magurudumu peke yake zinabeba uzito wote. Zinapata moto, zinaanza kunuka, zinapoteza kushika, na unapotaka kurudisha gia inakataa kwa sababu kasi imepita. Ingia mteremko kwenye gia ileile ambayo ungepandia, au pungufu moja tu, washa breki ya ekzosi, na kanyaga breki ya mguu kwa vipindi vifupi vya nguvu badala ya kuikalia.

Kwenye mteremko mdogo ambao breki ya injini inakupunguzia kasi kupita kiasi, kipande kifupi cha frii kwa magari ya kisasa yenye mfumo wa kufanya hivyo yenyewe kinasaidia. Hiyo ni kompyuta inaamua, ikiwa na vipimo vyote mbele yake. Mkono wako usiigize.

Nikikimbia 90 badala ya 80 nitakula kiasi gani zaidi?

Kwanza, sheria ya Tanzania inakutaka usizidi 80 kwa gari la zaidi ya tani 3.5, na 50 kwenye makazi. Pili, upinzani wa hewa unapanda kwa kipeo cha pili cha mwendo. Kutoka 80 kwenda 90 ni asilimia 27 zaidi ya upinzani, kutoka 80 kwenda 100 ni asilimia 56. Hewa ni sehemu moja tu ya kazi ya injini, uzito na matairi vina sehemu yao, kwa hiyo risiti haipandi kwa asilimia hizo zote. Lakini inapanda.

Unapata nini? Mwanza hadi Shinyanga ni kama kilomita 160. Kwa 80 bila kusimama ni saa mbili. Kwa 90 ni saa moja na dakika 47. Dakika 13, na hizo ni za kwenye karatasi, maana vijiji vyote vya katikati vinakurudisha 50. Utazipoteza zote kwenye foleni ya mizani.

Vipi matuta?

Hapa ndipo dereva mzuri anapojitenga na wengine, kuliko kwenye jambo lolote katika ukurasa huu.

Gari la tani 56, ambao ndio ukomo wa uzito wote kwa sheria ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 iliyoanza kutumika kwetu 2019, likitembea 50 lina nguvu nyingi za mwendo. Ukilikanyagia breki hadi 10 kwa ajili ya tuta, nguvu hizo zinageuka joto la ngoma za breki. Kulirudisha 50 kunahitaji theluthi moja ya lita au zaidi kidogo. Tuta moja. Ukilisimamisha kabisa kutoka 80, kulirudisha ni karibu lita nzima. Hesabu mwenyewe matuta na vivuko vya watembea kwa miguu kutoka Kisesa kupitia Magu hadi Bunda.

Tuta huwezi kuliondoa, na usilipite kwa kasi. Unachoweza ni kuacha mafuta mapema. Ukiona alama au ukiona gari la mbele linawasha taa nyekundu, ondoa mguu palepale, acha gia ilivyo, acha gari lijipunguze lenyewe. Kwa mita mia mbili au tatu unatembea bila kula tone. Ukifika kwenye tuta, breki unayohitaji ni ya kugusa tu. Kinyume chake ni dereva anayekanyaga hadi mita thelathini kabla, anabana breki, utingo anagonga dashibodi, kisha anakanyaga tena. Amelipa mara mbili: dizeli ya kufika pale na lainingi za breki.

Hiyohiyo ni kwa daladala na bodaboda. Kati ya Nata na Igoma utaingiliwa tu. Acha nafasi mbele, waingie, wewe endelea kusukuma taratibu bila kusimama. Lori ambalo halisimami kabisa, hata likitambaa, linakula kidogo kuliko lile linalosimama na kuondoka.

Nitembee kwenye mizunguko mingapi?

Ipo sehemu ya kijani kwenye saa ya mizunguko, na imechorwa kwa kazi hiyo. Kwa injini nyingi kubwa ni kati ya 1,000 na 1,500. Tambarare, kaa chini ya katikati yake. Mlimani iache ishuke hadi karibu 1,000 kabla ya kupunguza gia, injini hizi zina nguvu zaidi za kuvuta huko chini kuliko juu. Ukiwa na gari tupu unaweza kuruka gia, ya tatu kwenda ya tano, hakuna atakayekushitaki.

Matairi yanahusikaje na mafuta?

Sana. Tairi lenye upepo mdogo linajikunja kila linapozunguka, linapata moto, na moto huo umetoka kwenye tenki. Pima asubuhi likiwa la baridi, kwa geji. Kulipiga teke au kuligonga kwa fimbo kunakuambia kama lina pancha, hakukuambii kama lina PSI 110 au 80. Kwenye matairi pacha angalia la ndani, ndilo linalosahaulika.

Gari linatoa moshi mweusi kwenye mlima. Ndiyo nguvu hiyo?

Ndiyo hela hiyo. Moshi mweusi ni dizeli iliyokosa hewa ya kuungulia. Anza na filta ya hewa, hasa baada ya njia za vumbi na msimu wa pamba. Wengi huipuliza kwa upepo wa kompresa, na presha kubwa inatoboa karatasi yake. Baadaye vumbi linapita hadi kwenye pistoni. Ikijaa, badilisha. Kisha angalia mipira ya turbo kama imepasuka, halafu nozo. Hewa ya huku kwenye kimo cha ziwa ni nyepesi kwa karibu sehemu ya nane kuliko ya Dar es Salaam. Turbo nzima inafidia, iliyochoka haiwezi, kwa hiyo gari lililokuwa safi Kibaha linaweza kuanza kuvuta moshi likifika kwetu.

Moshi mweupe unaoendelea injini ikishapata moto ni dizeli isiyoungua au maji. Wa bluu ni oili.

Kuna mafundi wanaofungua pampu ili gari "lipate nguvu". Linapata kidogo, na linavuta moshi maisha yake yote.

Dizeli iliyochakachuliwa nitaijuaje?

Kwa macho ni vigumu. Mafuta ya taa ndiyo yaliyozoeleka kuchanganywa, na lita yake ina nishati pungufu kuliko dizeli na haina ulainishaji, kwa hiyo pampu na nozo zinalika. Ndiyo sababu EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, iliweka vinasaba (alama ya kemikali inayopimika) kwenye mafuta ya soko la ndani. Jaza kwenye vituo vyenye mzunguko mkubwa, chukua risiti, na uwe na mashaka na dizeli ya madumu ya barabarani hata ikiwa rahisi. Bei kikomo za EWURA hutoka kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, anayeuza chini sana ya hapo ana sababu.

Kiyoyozi au kufungua kioo?

Kwenye lori la tani hamsini tofauti ni ndogo. Kaa upoe, dereva aliyechoka kwa joto anaendesha vibaya.

Dereva anasema gari linakula, mimi nasema anauza mafuta. Tutajuaje?

Mtajua kwa kupima, na kupima kwenyewe kuwe kwa wazi mbele ya wote wawili. Jaza ful tenki Mwanza, gari likiwa mahali tambarare, hadi mafuta yaonekane shingoni. Andika kilomita. Likirudi, jaza tena kituo kilekile, pampu ileile ikiwezekana, hadi shingoni. Gawanya kilomita kwa lita. Fanya hivyo kwa safari kadhaa, uandike pia tani za kwenda na za kurudi, njia, na kama kulikuwa na mvua. Gari lililokwenda Dar es Salaam na pamba likarudi na saruji haliwezi kuwa sawa na lililorudi tupu. Mabosi wengi wana namba moja tu kichwani kwa njia zote, na namba hiyo ndiyo inayozaa ugomvi.

Kama namba zinashuka polepole kwa miezi, tafuta kwenye gari: breki inayoshika, ekseli ya tela iliyopinda, nozo, themostati. Zikishuka ghafla safari moja na kupanda nyingine, gari halina tabia hiyo.

Na dereva akibana mafuta, anapata nini?

Kwa wengi hapati kitu. Akirudi na lita sitini zimebaki, bosi anapunguza sitini kwenye mgao wa safari ijayo. Baada ya hapo kila dereva mwenye akili atahakikisha hakibaki kitu, atakiuza njiani kwenye madumu, na mafunzo yote ya kuendesha vizuri yataishia getini.

Wekeni kiwango cha kila njia baada ya kupima kama ilivyoelezwa hapo juu, na kisiguswe kwa msimu mzima labda gari libadilike. Kinachobaki chini ya kiwango kigawanywe, nusu ya thamani yake dereva apewe kwa fedha taslimu siku anayorudi, na utingo apate chake humohumo. Viandikwe kwenye karatasi ya safari, kiwango na mgao, gari likiwa bado yadini, wote wawili wasaini.